Mipira ya mashine imepakwa heparini, kwa nini mgonjwa bado anadungwa nyingine?

Dada_wa_Pangani: Habari zenu. Mdogo wangu atabadilishwa valvu ya moyo iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Daktari anasema damu itapita kwenye mashine ya moyo na mapafu, na mipira yake imepakwa heparini ili damu isigande. Hapo hapo anasema atadungwa heparini nyingi. Vyote viwili vya nini? Naogopa atavuja damu.

Mwendesha_Pampu: Pole dada yangu, hofu yako naielewa. Kazi yangu ni kuendesha mashine hiyo.

Damu ikigusa plastiki tu, protini zake, hasa fibrinojeni, zinaing'ang'ania ndani ya sekunde chache. Chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazosaidia kugandisha, zinafuata, na kinga ya mwili inaamka. Utando ule wa heparini uliopakwa kwenye mipira unapunguza hayo. Watafiti wa Sweden, miaka ya 1980, waliifunga heparini kwa ncha moja tu, sehemu iliyobaki ikawa huru kwenye damu kama mwani kwenye kamba. Hivyo bado inaweza kuidaka antithrombini, protini ya damu inayozuia kuganda, na hapo ndipo kuganda kunapozuiwa.

Lakini utando unafanya kazi pale tu damu inapougusa. Damu inayofyonzwa kifuani imeshapita kwenye nyama iliyokatwa, imeshaanza safari ya kuganda. Kwa hiyo tunadunga yuniti 300 hadi 400 kwa kila kilo ya mgonjwa, kisha tunapima muda wa kuganda. Mimi siwashi pampu kabla muda huo haujafika sekunde 480, mipira iwe imepakwa au haijapakwa. Mtu akikwambia utando unatosha, usimsikilize. Kazi ikiisha, heparini inazimwa kwa dawa iitwayo protamini.

Abuu_Salma: Samahani kaka, heparini si inatoka kwa nguruwe?

Mwendesha_Pampu: Ndiyo, nyingi hutolewa kwenye utumbo wa nguruwe. Zipo tando zisizo na heparini kabisa, kama ya fosforilikolini, inayoiga ngozi ya nje ya chembe nyekundu. Ila ile ya kudungwa inabaki palepale, kwa hiyo zungumzeni na daktari na shehe wenu mapema, si asubuhi ya upasuaji.

Dada_wa_Pangani: Ahsante sana kaka. Yeye samaki humwasha mwili mzima, hilo lina shida?

Mwendesha_Pampu: Mwambie daktari wa usingizi leo hii! Protamini hutengenezwa kwa mbegu za samaki dume. Wanaweza kujiandaa, wakijua.