Tupeane uzoefu: unaisafishaje rasimu yako ya Kiswahili?

Wakuu, uzi huu ni wa wanaoandika hadithi fupi, makala na riwaya. Tuongelee rasimu ya pili tu, maana ya kwanza kila mtu anaijua ilivyo. Historia zetu tuziache pembeni. Leteni mbinu, na mseme huwa inaharibikia wapi.

WinoMkavu:
Anzeni na vitenzi. Rasimu nyingi zimejaa -li- kila mahali. Tazameni hii: "Juma alifungua mlango wa chumba chake na kisha aliingia ndani na aliketi kwenye kiti huku akiwa ni mtu mwenye huzuni kubwa sana." Maneno 22. Sasa hii: "Juma alifungua mlango, akaingia, akaketi bila kuvua viatu." Maneno 8. -li- imefungua tukio, -ka- zimelisukuma mbele, na huzuni iko kwenye viatu, haijatangazwa. Ila -ka- zikifuatana sita au saba, aya inagonga kama nyundo. Ivunje kwa -ki-: "akapanda ngazi akihema." Ukirudi kwenye jambo lililotangulia tukio, -ka- haifai, andika "alikuwa ameshafunga."

MamaAya:
Naongezea hapo kwa mkuu. Tafuta "ambaye", "ambacho" na "ambayo" kwenye faili lako. Nyingi zinaingia ndani ya kitenzi: "mtu ambaye alikuja" ni "mtu aliyekuja". Kwenye shindano lenye kikomo cha maneno 1,000 unapata nafasi ya aya nzima. Lakini usifute kwa pupa. "Mgeni ambaye amefika" haina mkato, kwa kuwa -me- haipokei kirejeshi. Ukiweka "aliyefika" umebadili wakati. "Ambaye hajafika" nayo ukiigeuza "asiyefika", ile "bado" imepotea.

Halafu "suala zima la" na "zoezi la", jamani! Hiyo ni lugha ya risala kwa mgeni rasmi. "Zoezi la upandaji miti" ni kupanda miti, basi.

Msasa:
Mazungumzo msiyapitishie msasa huo. Konda wa daladala haombi "tafadhali sogeeni nyuma", anapiga kelele "songa nyuma huko, nafasi ipo!" Msimulizi abaki kwenye Kiswahili sanifu, mhusika aseme anavyosema. Kasoro huanza pale msimulizi anapodakia maneno ya konda kuanzia ukurasa wa tatu bila sababu yoyote. Kipimo: ziba majina ya wasemaji kwenye mistari 10. Kama hujui nani kasema nini, wote wanaongea kwa mdomo wa mwandishi. Misimu tia kidogo kama chumvi, inachakaa upesi.

KalamuButu:
Hakuna aliyetaja kusoma kwa sauti? Iache rasimu siku tatu hivi, kisha ichape, au kuza herufi hadi pointi 16 ili isifanane na ile uliyoizoea. Soma huku ukijirekodi kwa simu. Pumzi ikikata kabla ya nukta, sentensi ni ndefu. Ulimi ukijikwaa, mara nyingi ni ngeli: nomino iko mwanzoni, kitenzi kimefika mbali kikasahau. "Vyombo alivyonunuliwa na shangazi yake sokoni zilivunjika." Jicho linapita, sikio linashtuka: vilivunjika.

Tahajia ni kazi ya siku nyingine. Anza na aya ya mwisho urudi nyuma hadi ya kwanza, hadithi isikubebe. Winda kura na kula, dhana na zana, haya na aya. Kikagua tahajia hakitakuokoa hapo, kwa sababu yote ni maneno halali. Na kama kibodi ya simu iko kwenye Kiingereza, zima usahihishaji wa kujiendesha kabla hujaandika hata mstari mmoja.

MamaAya:
@KalamuButu sawa, ila usikae nayo kutwa. Kurasa 3 au 4 kwa dakika 45, uinuke. Ukipitiliza hapo unaanza kuisoma hadithi, husahihishi tena.