Tupeane uzoefu: baada ya operesheni ya kizazi, kazi za nyumbani ulizirudia vipi?

Mwanzisha mada (Wete)
Assalamu alaykum wanawake wenzangu. Nimetolewa kizazi kwa ajili ya fibroidi, ule uvimbe wa kizazi, nimepasuliwa tumbo. Nimeambiwa wiki 6 hadi 8 nisinyanyue kizito, na kwa bwana nisirudi mpaka nionwe tena na daktari. Nimeitikia. Kufika nyumbani ndipo maswali yakaanza. Dumu la lita 20 ni kilo 20, hilo halina mjadala. Kukuna nazi je? Kusujudu? Gari ya shamba na matuta yake? Aliyepitia aseme alivyofanya mwenyewe, si alivyosikia kwa shoga yake.

Bint Makunduchi
Pole dada, Mungu akupe afya. Nazi ndiyo ya kuogopwa kuliko dumu. Dumu unaliona zito, unaliacha. Mbuzi ya kukunia umeizoea tangu mdogo, unajikalia tu. Ukishakaa, magoti yanapanda, tumbo linajikunja pale pale penye mshono, na kila ukizungusha kizio unakaza tumbo bila kujijua. Kwetu nazi alikuna wifi, asipokuwepo tulinunua iliyokunwa kwa mashine sokoni.
Kitandani usiinuke wima. Geuka ubavu, teremsha miguu, jisukume kwa mkono. Ukitaka kukohoa, kandamiza mto tumboni. Hata kucheka, na mimi nina mashoga wachekeshaji, walinitesa!

Mama Maandazi
Sala niliswali juu ya kiti, sijda nikiinama zaidi kuliko rukuu. Na la kuonewa haya niliseme: kizazi kilishatoka, lakini vidamu vilinitoka kidogo kidogo wiki za mwanzo. Nikamuuliza ustadhati, akanambia hiyo ni damu ya jeraha, si hedhi, nitawadhe niswali. Ulizeni, msikae mkaacha sala kwa kudhania.

Mke wa Nahodha
Hakuna aliyetaja mkandaji? Mama mkwe wangu kwa mapenzi yake alishamwita, sufuria la maji ya moto liko jikoni linachemka. Nikamwambia, "Mama, mimi sikuzaa, nimepasuliwa." Akanuna mpaka daktari alipomweleza mwenyewe kwa simu. Mshono wa ngozi hufunga mapema, wa ndani bado. Ukikandwa tumbo unauchezea.
Lakini kulala tu kutwa nako sitaki kukusikia. Tembea uani, kisha mpaka kwa jirani, damu isije ikaganda miguuni. Na choo kisiwe kigumu: maji mengi, papai, mboga. Kujikamua chooni ni sawasawa na kubeba dumu.

Mwani wa Jambiani
Mimi niliziacha bamvua, zile siku maji yanapokupwa sana, zikapita, roho inaniuma, mashamba yangu ya mwani nayaona kwa mbali. Baadaye nikaanza kufunga mbegu kwenye kamba, nimekaa kivulini nyumbani. Kushuka pwani ni mpaka kidonda kimekauka na uchafu wa ukeni umekoma, daktari karidhia. Hata hapo, gunia la mwani mbichi walibebe wengine. Lile likishiba maji hata mwanamme analaani.

Shangazi wa Mjini
Msijilinganishe. Mimi nilifanyiwa kwa vitundu vidogo tumboni, sikupasuliwa, nikarudi ofisini mapema kuliko ninyi. Dada yangu aliondolewa uvimbe tu, kizazi kipo. Yeye aliambiwa asikimbilie mimba, na akishika aseme mapema kuwa kizazi kilishapasuliwa, maana huenda akazalishwa kwa operesheni. Na waliotolewa na mifuko ya mayai, joto la ghafla na jasho la usiku si jini. Ni ukomo wa hedhi umekuja kwa mkupuo, na unazungumzika spitali.

Muuguzi Mstaafu
Homa, usaha au harufu kwenye mshono, damu inayojaza pedi ndani ya saa moja, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana: usingoje tarehe yako ya kliniki. Mlioko visiwani, Kojani au Fundo, ndio hasa, msisubiri usiku mkaanza kutafuta chombo cha kuwavusha.

Mwanzisha mada (Wete)
Ahsanteni, mbuzi nimeshaificha uvunguni. Sasa kliniki ni Chake Chake na sina gari ila ya abiria.

Bint Makunduchi
Kaa mbele kwa dereva, mwambie hali yako kabla hajang'oa. Taulo lililokunjwa liweke baina ya tumbo na mkanda, kwenye matuta likandamize kwa mikono. Usikubali siti ya nyuma, hata wakwambie gari inaondoka sasa hivi. Subiri nyengine.