Kutoka Goma kwenda kuona ziwa la kileleni Bisoke: tujipange namna gani?

Wa_Himbi: Jambo wayaya. Tuko wanne, tunataka kupanda Bisoke, ule mlima wa volkano wa mpakani, upande wa Rwanda. Mama mkubwa ana miaka 61, anatembea vizuri ila hajazoea milima. Tunaweza kwenda na kurudi siku moja? Na miguuni tuvae nini?

Keshero_Juu: Siku moja ni kujitesa. Watu wanakusanyika Kinigi, kwenye ofisi ya hifadhi karibu na mji wa Musanze, saa moja asubuhi kugawiwa viongozi, na Gisenyi hadi Musanze pekee ni kama kilomita 60 za kona. Foleni ya Grande Barrière, pale mpakani kati ya Goma na Gisenyi, ikikukamata, kikundi kimeshaondoka. Laleni Musanze. Mje na pasaporti. Jeto, kile kikaratasi cha kuvukia mpaka, ni ya kuzungukia Gisenyi tu. Na msifunge vitu kwenye sashe za plastiki, Rwanda ilizipiga marufuku tangu 2008.

Majengo_Mlimani: Miguuni, bote za mpira. Udongo wa volkano ukinyeshewa unameza kifundo, na raba inabaki humo humo. Suruali nzito na glovu pia, kwa sababu ukiteleza utashika kilicho karibu, na mara nyingi ni majani yanayowasha.

Baridi ndiyo watu wanaidharau. Goma tuko karibu mita 1,500, kilele ni 3,711. Kila mita 1,000 joto linashuka kama digrii 6, kwa hiyo nyuzi 25 za hapa zinakuwa 12 kule, kabla ya kuhesabu upepo. Aliyelowa jasho ndiye anayetetemeka: wekeni shati kavu ndani ya mfuko, mbadilishe mkifika. Maji lita mbili kila mtu. Ukungu ukifunika ziwa, subirini kidogo, huwa unafunguka ghafla.

Wa_Himbi: Aksanti. Na mama mkubwa?

Keshero_Juu: Miaka si shida, shida ni mwinuko: karibu mita 1,000 za kupanda bila sehemu tambarare ya maana. Kuna ziwa dogo la Ngezi, chini ubavuni mwa mlima huo huo, safari fupi na rahisi. Mmoja aende naye, wengine wapande. Ila semeni wakati wa kununua vibali, maana ni safari mbili tofauti.

Majengo_Mlimani: Akiamua kupanda, mkodishieni mbebaji na fimbo, kuanguka kwingi ni wakati wa kushuka. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaongezeka, dawa ni kuteremka, siyo kumeza kidonge na kuendelea.