Kodi imepanda, kuna pagala linauzwa Ipuli. Ninunue au niendelee kupanga?

Mpangaji_Ipuli

Wakuu habari za jioni. Mi ni mwalimu wa sekondari hapa Tabora mjini, nina mke na watoto wawili, nimepanga Ipuli mwaka wa 6 sasa, vyumba viwili na sebule. Nilikuwa nalipa 80,000 kwa mwezi, wiki iliyopita mwenye nyumba kaja anasema mkataba ujao ni 100,000 na anataka ya miezi 6 kwa mkupuo, yani 600,000. Mke wangu usiku ule hakulala kabisa, asubuhi akaniuliza tutawalipia watu nyumba zao mpaka lini, sikuwa na jibu.

Sasa kuna pagala linauzwa mitaa hii hii. Vyumba vitatu, tofali za kuchoma, limeezekwa tayari ila ndani vumbi tupu, halina madirisha wala milango, plasta hakuna, umeme na maji bado. Mzee mwenyewe alishafariki, wanaouza ni watoto wake. Wametaja milioni 17 lakini naona hata 15 wanaachia. Mkononi tuna milioni 5, na benki wamenipigia mkopo wa milioni 12 kwa miaka 6, riba 16%, makato 260,000 kwa mwezi. Mshahara unaoingia sa hivi baada ya makato yote, bodi ya mikopo ikiwemo, ni 580,000. Mke ana cherehani, mwezi mzuri analeta 150,000, mwezi mbaya hata 50,000 haifiki.

Swali langu, mtu anajuaje kwamba sasa ndo wakati wa kuacha kupanga? Maana kila nikiwaza naona kodi ni hela inayopotea tu.

Mhasibu_wa_Cheyo

Mwangaluka mwalimu. Hilo la hela inayopotea ngoja tulipigie hesabu. 260,000 mara miezi 72 ni 18,720,000. Umekopa 12M, kwa hiyo riba peke yake ni 6,720,000. Kodi ya 100,000 kwa miaka hiyo hiyo 6 ni 7,200,000. Unaona zilivyokaribiana? Riba nayo hairudi kaka, tofauti ni kwamba ukimaliza unabaki na nyumba, na hiyo ni faida kubwa sikatai, ila usijidanganye kwamba siku ukinunua basi hela imeacha kuvuja.

Na kinachonitisha kwenye maelezo yako siyo hata riba, ni kwamba hilo pagala huwezi kulala ndani. Wakikubali 15 utabaki na milioni 2, wakikomaa na 17 huna kitu, halafu makato yanaanza mwezi unaofuata na kodi bado unalipa kwa sababu watoto hawawezi kulala kwenye vumbi bila dirisha. 580,000 toa 260,000 zinabaki 320,000, toa kodi 100,000 zinabaki 220,000, hapo hamjala, hamjalipa ada, mtoto hajaumwa, na ujenzi unaosubiri hela unaupeleka na nini? Nimeona wafanyakazi wenzangu wawili wamekaa hivyo miaka mitatu, wanalipa benki na wanalipa mwenye nyumba, pagala limeota majani.

Kwa hiyo kwangu mimi wakati wa kununua ni pale ambapo baada ya kulipa bei yote bado una hela ya kufanya vyumba viwili na choo vikakalika, mkahamia ndani ya miezi miwili mitatu. Kabla ya hapo ni mapema hata kama benki wamekubali. Benki wanaangalia kama theluthi ya mshahara inabaki, hawaangalii utalala wapi.

MamaWawili_Kanyenye

Mdogo wangu mi nimeshtuka hapo uliposema wanaouza ni watoto wa marehemu. Nimelia kwa jambo hili hili naomba unisikilize vizuri. Mimi na mume wangu tulinunua kiwanja kwa mtoto mkubwa wa marehemu, tukaandikishana mtaani, mashahidi wapo, mhuri upo, tukajua tumemaliza. Mwaka wa pili akaja dada yao anakaa Mpanda, hakuwa anajua chochote, tukapelekana baraza la ardhi mpaka hela ya msingi ikaishia kwenye nauli na wakili. Nyumba ya mirathi anauza msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, siyo mkubwa wa familia wala anayeongea sana. Waambie wakuonyeshe barua ya usimamizi, kama hawana waende kwanza Mahakama ya Mwanzo, na siku ya kusaini warithi wote wawepo na mama yao kama yupo hai. Wakianza kusema aah huyo mwingine yuko mbali hana shida, we rudi nyumbani.

Halafu uliza kama kiwanja chenyewe kimepimwa. Wakikutajia namba ya kiwanja na kitalu nenda nayo ofisi ya ardhi ya manispaa waiangalie kwenye ramani, na kama kuna hati omba waitafute kwenye daftari, maana inawezekana iko rehani sehemu na hata hao watoto hawajui.

FundiKiloleni

Mwalimu pagala ni zuri kununua ila lazima ulikague kama mgonjwa. Tofali za kuchoma huku ni nyingi na ni nzuri, shida ni kilichoziunganisha, wengi wanajengea udongo halafu kwa mbele wanapiga saruji kidogo kwenye kona. Chukua msumari wa inchi 4 kwaruza kwenye kiungo sehemu tofauti tofauti, hasa chini karibu na msingi, ikitoka kama unga mchanga mwekundu ujue ni udongo na bei ishuke sana. Angalia lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, kama imepita kuta zote au iko juu ya milango tu.

La pili mchwa. Tabora hii mchwa anakula kenchi, yani mbao za paa, bati zikabaki zimening'inia, panda juu gonga mbao kwa nyundo, zikilia kama debe tupu hesabu paa jipya. Ila hapo una bahati moja, kwa kuwa jamvi, yani zege la sakafu, halijamwagwa unaweza kupiga dawa ya mchwa kwenye udongo kabla ya zege, wenye nyumba zilizokwisha wanatamani hiyo nafasi hawaipati. Milioni 2 kwa bei za sasa, kwa ninavyoona kwenye kazi zangu, ni sakafu ya vyumba viwili, mlango wa mbele na madirisha mawili, choo hujagusa.

Mwana_Ujiji

Niko Kigoma. Nilinunua nyumba kwa hasira ya kodi kama wewe, mwenye nyumba alipandisha ghafla nikatafuta cha bei rahisi haraka, nikapata Kibirizi karibu na ziwa. Ziwa Tanganyika lilivyopanda maji yakaingia mpaka sebuleni. Nikaja kuambiwa sheria ya mazingira ya 2004 hairuhusu kujenga ndani ya mita 60 kutoka ziwani, hapo hela ilishaenda. Nimerudi kupanga miaka mitatu sasa. Nyie hamna ziwa ila mna mvua, kaangalie hilo pagala siku mvua inanyesha uone maji yanapita wapi.

Mpangaji_Ipuli

Nimesoma yote na mke wangu, ya mhasibu tumeisoma mara mbili. Tumekubaliana tunalipa hiyo 600,000 ya miezi 6 ingawa inauma, mkopo tunausimamisha kwanza. Kumbe watoto wa marehemu wako watano na niliokutana nao ni wawili. Nimewaambia wakileta barua ya mahakama tutaongea, na bei yangu ni 13 ili nikope kidogo hela ya kuhamia ibaki, mmoja kanuna mwingine kasema atawapigia wenzie. Jumatatu nikitoka shule napitia ardhi. Fundi, ukiwa na nafasi Jumamosi twende wote, msumari ninao.

FundiKiloleni

Saa 2 asubuhi kabla jua halijawa kali. Njoo na ngazi pia.