Tupeane uzoefu: Umewafunzaje watoto wa msingi mambo ya taka, na nini kiliwaingia?

Mwalimu wa Langoni

Asalaam alaykum. Nafundisha gredi ya nne hapa Amu (Lamu). Somo la taka nimelikuta likienda kwa mabango: mtoto achora pipa la kijani, apata alama zake, kengele ikilia atupa karatasi ya biskuti pale pale mlangoni. Nataka visa vya kweli, tafadhali, mashairi ya mazingira tunayo ya kutosha. Naanza mimi.

Nilileta karai la maji darasani. Makasi nikashika mwenyewe, nikakata vipande vya chupa ya maji ya dukani na vipande vya kifuniko chake, tukavitia vyote. Vya chupa vikazama, vya kifuniko vikaelea. Darasa likainuka lote! (Mkijaribu, vizamisheni kwanza kwa kidole, maana mapovu ya hewa hudanganya.) Hapo ndipo nilipowaonyesha ile pembetatu ndogo yenye namba kitakoni mwa chupa. Namba 1 ni PET, plastiki ya chupa za maji, nzito kuliko maji. Namba 2 na namba 5 ni nyepesi, na vifuniko vingi hutoka huko. Ukiziyeyusha pamoja hazishikani sawasawa, ndiyo sababu mnunuzi wa plastiki hataki mchanganyiko. Tulipokwenda ufuoni Shela kuokota, mmoja akasema vifuniko ni vingi kwa kuwa chupa ikishaingia maji hushuka chini, kifuniko kikabaki juu kusukumwa na upepo. Sikuwa nimemwambia.

Bint Mkomani

Mimi nina la kulalamika. Kuna skuli, siitaji, ilitangaza mashindano: darasa litakaloleta chupa nyingi zaidi lapewa mpira. Basi nyumba hazikukalika. Mwanangu aliingia jikoni kwa nyanyake akamwaga chupa ya ukwaju aliokuwa ameuweka kwa ajili ya futari, akaosha, akaondoka nayo. Ya simsimu ikaponea chupuchupu kwa kuwa iliwekwa rafu ya juu. Jirani yangu wanawe walimganda awanunulie soda, wanywe upesi wapate chupa.

Jamani, nyumba za Amu chupa haitupwi! Hutiwa achari, hutiwa maziwa, hutiwa mafuta, hadi ipasuke. Ile chupa ilikuwa na kazi yake, skuli ikaigeuza taka ili iokotwe. Ukimhesabia mtoto idadi, atakutafutia idadi. Mngewauliza kwanza nyumbani kwao chupa hukaa muda gani kabla ya kutupwa, na nani huitumia, mngepata somo zima bila mpira.

Nahodha Mstaafu

Bint Mkomani umesema kweli, na mimi naongeza. Wana wa hapa wachonga vidau vya champali (ndara za plastiki) tangu champali zilipoingia. Champali ikikatika, kisu, kijiti cha mlingoti, tanga la karatasi ya nailoni, tayari chaelea. Hakuna mwalimu aliyewafunza. Anzeni hapo.

Wajukuu wangu niliwaeleza habari za Flipflopi. Dau la urefu wa mita 9 hivi, lililojengwa hapa Lamu na mafundi wetu wakiongozwa na fundi Ali Skanda, kwa plastiki iliyookotwa, na nje likavikwa champali kama 30,000. Likashushwa majini 2018, na mapema 2019 likasafiri hadi Unguja. Nilidhani watauliza habari za rangi. Wa kwanza akauliza: "Babu, mataruma nayo ni ya plastiki?" Ndiyo, zile mbavu za chombo, na mkuku wa chini pia. Wa pili akauliza lilichongwaje. Plastiki iliyeyushwa ikatolewa kama magogo na mbao, kisha mafundi wakaichonga kama wachongavyo mti. Huo ndio mjadala tuliokesha nao, si habari za kutunza bahari. Yeo wananiletea champali zilizookotwa Manda, wataka nao wajenge la kupandwa.

Baba Rehema, Malindi

Fupi tu. Binti yangu wa gredi ya pili alinizuia tukielekea hifadhi ya bahari, mkononi nina chupa ya maji ya kutumia mara moja. Walifunzwa kwamba mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Kenya Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziingii mbuga na fuo zilizohifadhiwa. Nikairudisha. Aliloshika hasa ni kwamba mfuko ukiwa majini hufanana na yavuyavu, na yavuyavu kwa kasa ni chakula. Sheria aliitaja baada ya kasa.

Mama Swaleh

Mwalimu, nauliza kwa nia njema. Mtoto atenganisha huku na huku, halafu mwenye punda aja abeba vyote gunia moja, jaani huchomwa. Mtoto ana macho. Wangu aliniambia, "Mama, kwani tulikuwa tukicheza?"

Mwalimu wa Langoni

Mama Swaleh, hilo ndilo lilinifanya nianze na kinachoishia mikononi mwetu wenyewe. Sheria ya taka ya mwaka 2022 yataka taka ziozazo zitengwe na zisizooza, na ziozazo hazihitaji gari wala boti ya kwenda Mokowe, bara. Tulichimba mashimo mawili nyuma ya darasa. Moja maganda ya embe na mavi ya punda, ambayo hapa hayatafutwi. La pili kipande cha mfuko na karatasi ya biskuti. Mwisho wa muhula tukafukua. La kwanza lilikuwa udongo mweusi, sasa lina mchicha. La pili karatasi ya biskuti ilisomeka hadi bei. Zile chupa twaziweka kwenye magunia yetu, namba 1 mbali, na mnunuzi huchukua skulini moja kwa moja, watoto wakiangalia mizani.

Nahodha, njoo Jumatano baada ya adhuhuri. Kisu utashika wewe. Wazazi, leteni champali zilizokatika, zenye misumari itoeni kwanza.

Bint Mkomani

Nitaleta. Chupa zangu haziguswi.