Tumbo la paka limejaa ndani ya siku kumi, mgongo mifupa mitupu

Nyegezi_kwetu: Wakuu, habari. Paka jike, mwaka mmoja na nusu, hajafungwa kizazi. Tumbo limetokeza pande zote mbili, uti wa mgongo unahesabika. Dagaa anaonja, anaacha. Nina praziquantel ya kichocho ya watu. Nimpe?

Kirumba77: Usimpe. Kidonge cha kichocho ni miligramu 600. Paka wa kilo 3 anahitaji takriban 15 tu, nayo ni kwa tegu. Minyoo mviringo haiigusi kabisa, hiyo kazi ya pyrantel. Na minyoo hutunisha zaidi tumbo la kitoto cha paka, si la mkubwa.

Mimba pia siioni hapo. Huchukua kama siku 63 hadi 65, na chuchu huanza kuwa za waridi wiki ya tatu, kabla tumbo halijaonekana. Msimamishe, laza kiganja ubavu mmoja, gonga wa pili taratibu kwa ncha ya kidole. Kiganja kikisikia wimbi, ni maji. Usibonyeze! Kama ni usaha kwenye mji wa mimba, unaweza kupasuka.

Mganga_wa_mifugo: Huo usaha huja wiki chache baada ya joto (kipindi cha kutaka dume), paka hunywa maji kupita kawaida, na tiba yake hasa ni upasuaji.

Kama ni maji, daktari atavuta kidogo kwa sindano. Yakiwa ya manjano na yanavutika kati ya vidole kama ute wa yai, kwa umri huo shaka ya kwanza ni FIP, ugonjwa wa virusi vya korona vya paka (si UVIKO, mtu haupati). Zamani ilikuwa hukumu ya kifo. Sasa dawa ya virusi iitwayo GS-441524 huponya wengi, ila dozi ni kila siku, kwa kawaida siku 84, na kuipata ndiyo shughuli. Moyo na ini navyo hujaza maji, ndiyo maana kipimo kwanza.

Akilala, hesabu pumzi: kupanda na kushuka ni moja. Zikizidi 30 kwa dakika, au fizi zikiwa nyeupe, usingoje kesho.

Nyegezi_kwetu: Wimbi lipo. Pumzi 38.

Mganga_wa_mifugo: Mpeleke sasa hivi. Tenga lenye kitambaa, si kiroba kwenye bodaboda. Mwache akae atakavyo. Ukimlaza chali maji yanasukuma kifua. Panadoli usithubutu, inaua paka.