Naomba ushauri: mwanafunzi kaniuliza nimejuaje, nikakwama

Wakuu, heshima yenu. Nafundisha fizikia, na juzi mwanafunzi mmoja kanibana kwelikweli. Nilikuwa nimeangusha kijiwe mara tano mbele ya darasa, nikasema cha sita nacho kitaanguka. "Mwalimu, umejuaje?" Nikajibu ni mvutano. "Na umejuaje mvutano wa kesho utakuwa kama wa leo?" Nikabaki nimeshika kijiwe changu.

Kumbe mwanafalsafa David Hume alishalisema hilo karne ya 18: ukidai kesho itafanana na jana kwa kuwa siku zote imekuwa hivyo, unatumia kilekile unachotakiwa kukithibitisha.

Kinachonichanganya zaidi ni habari ya Le Verrier, mwanaastronomia Mfaransa. Uranusi ilipoonekana kupotoka njia yake, hakuilaumu kanuni ya mvutano ya Newton, alisema ipo sayari isiyojulikana inayoivuta. Mwaka 1846 Neptuni ikapatikana. Baadaye akaitumia dawa hiyohiyo kwa Utaridi, ambayo nayo ilipotoka njia yake, akaipa sayari ya kufikirika jina la Vulcan. Haikuwepo! Safari hii kanuni yenyewe ndiyo ilipungua, hadi Einstein alipoeleza mwaka 1915. Imani ileile, mara ya kwanza imembeba, mara ya pili imemwangusha.

Sasa nimwambie kijana wazi kwamba sayansi inaanza na mambo isiyoweza kuyapima? Naogopa wenzake watadakia kwamba basi fizikia na ramli ni kitu kimoja (wapo, nawajua). Mliosoma falsafa, mngemjibuje kwa dakika tano? Kipindi ni Alhamisi.